Nani Amekwambia Saa Yake Imefika?

Mtoto wa miezi mitatu akiacha kupumua na mapigo yakapotea, mikono yako miwili inatosha kumzunguka kifua chote. Vidole gumba unavikutanisha juu ya mfupa wa kidari, chini kidogo ya mstari wa chuchu zake, na vidole vingine vinakwenda nyuma kuushika mgongo. Unabonyeza mpaka kifua kishuke theluthi ya unene wake, kama sentimita nne, kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila mibonyezo 15 mwenzako anampa pumzi mbili kwa mfuko wa ambu. Ukiwa peke yako, 30 kwa mbili. Na kila ukishabonyeza unakiachia kifua kirudi juu chote, kwa sababu moyo hujaa damu pale unapoachia.

Nimeanza na vidole kwa sababu swali ninalotaka kulizungumza hapa, la kadari ya Mungu na kazi ya mkono wa mwanadamu, mara nyingi huzungumzwa na watu waliokaa barazani, kahawa mkononi. Mimi ni muuguzi wa watoto, Mwislamu, mzaliwa wa Tanga. Swali hilo hunijia nikiwa nimeinama juu ya kitanda, jasho linanitiririka chini ya mtandio, na hakuna nafasi ya kuomba nipewe muda nifikiri.

Bibi mmoja alimleta mjukuu wake aliyetumbukia kwenye pipa la maji ya kufulia. Walikuja kwa bodaboda, mtoto amefungwa kwenye khanga iliyolowa. Nyumbani walikuwa wameshamning'iniza kichwa chini, miguu juu, ili maji yamtoke, na dakika zile ndizo zilizokuwa na thamani kuliko zote, maana aliyezama hahitaji kukamuliwa maji, anahitaji hewa. Tukaanza kazi. Katikati ya kazi bibi yule akanishika kiwiko, kwa upole kabisa, akaniambia, "Mwanangu, mwache apumzike. Ikiwa Mola keshamwita, wewe unamuumizia nini?"

Mtoto yule hakurudi. Nalisema mapema ili jibu langu lisije likasimama juu ya kurudi kwake. Kama kubonyeza kifua ni haki pale tu mtoto anapofumbua macho, basi kila ninapoanza ninacheza kamari. Nataka jibu litakalosimama hata kwa mtoto aliyefariki mikononi mwangu.

Wengi hunijibu kwa hadithi ya bedui aliyeambiwa amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Mungu. Ni hadithi nzuri na nimeitumia mwenyewe kuwafundisha kina mama kufunika mapipa na visima. Lakini mbele ya bibi yule haikunifaa. Ngamia wake alikuwa ameshapotea. Swali lake lilikuwa kama ni adabu kumfuata ngamia ambaye Mwenyewe amekwisha kumchukua.

Lililonifaa ni jambo la khalifa Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham. Alipofika Sargh akaambiwa tauni imeingia huko mbele, akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubaida, ambaye Umar alimheshimu mno, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akakubali kwamba anaikimbia, na kwamba anakokimbilia ni kwenye kadari hiyo hiyo. Akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia katika bonde lenye pande mbili, mmoja wenye majani na mwingine mkavu: akilisha upande wowote, amelisha kwa kadari ya Mungu. Habari hiyo niliisoma chuoni nikiwa msichana na haikunigusa. Wodini ndiko ilikonifungukia. Vidole vyangu navyo vimekadiriwa. Bodaboda aliyekubali kukimbia bila kwanza kuulizia nauli amekadiriwa. Ule mfuko wa ambu uliooshwa na kukaushwa asubuhi na mtu wa zamu, badala ya kuachwa chini ya sinki, nao umo. Anayeiona kadari kwenye pipa peke yake, asiione kwenye mkono unaobonyeza, amemwachia Mungu maafa tu na kumnyang'anya yote mengine.

Kisha kuna hili la saa yenyewe. Dini yangu inanifundisha kwamba kila nafsi ina ajali yake, yaani saa yake ya kufa, haitangulii wala haichelewi. Naliamini hilo bila kusitasita. Lakini dini hiyo hiyo inanifundisha kwamba elimu ya saa ile Mungu ameiweka kwake. Sasa mtu anaposimama mlangoni mwa wodi, kifua cha mtoto bado kina joto, akasema saa yake imefika, amepata wapi habari? Maneno hayo ni ya kweli na yana faraja kubwa, ila wakati wake ni baada ya kazi kwisha. Yakisemwa kabla, msemaji anajifanya amesoma kitabu asichoonyeshwa. Wanaoyasema mapema mara nyingi ni watu wa ibada, na ndiyo maana nalisema jambo hili kwa nguvu. Wangekuwa watu wa mzaha nisingejali.

Na kwa watoto kosa hilo ni kubwa zaidi kuliko kwa wazee, kwa sababu ya namna moyo wa mtoto unavyosimama. Mzee moyo wake mara nyingi husimama kwa ugonjwa wa moyo wenyewe, ghafla, akiwa amejaa hewa kifuani. Mtoto ni nadra. Mtoto hukosa hewa kwanza: nimonia, kuzama, punje ya karanga iliyokwama kooni. Au hukaukiwa maji kwa kuharisha, au malaria kali humnyang'anya damu. Moyo wake mzima kabisa hubaki ukisukuma damu isiyo na oksijeni, ukichoka, ukipungua, mpaka unanyamaza. Kwa hiyo sisi hatungoji unyamaze. Mapigo yakishuka chini ya 60 kwa dakika, mtoto amepauka na baridi ingawa anapewa hewa, tunaanza kubonyeza huku moyo wake ungali unapiga. Nimewahi kusimama na daktari kijana aliyeshangazwa na hilo. Alidhani kubonyeza ni kwa ajili ya waliokufa. Ukweli ni kwamba katika dakika zile hakuna mstari ambao mtu anaweza kuunyooshea kidole akasema huku hai, huku maiti. Kuna mteremko, na mtoto yuko kwenye mteremko, na mikono yetu ni ya kumzuia asiteleze.

Nchi yetu yenyewe imetoa ushahidi mzito juu ya jambo hili. Mafunzo ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua yaliyotolewa kwa wakunga wa hospitali nane za Tanzania, kwa mfuko na barakoa tu, bila kubonyeza kifua kabisa, yalifuatwa na upungufu wa asilimia 47 wa vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Hilo linajulikana sana na linasifiwa. Linalosemwa kidogo ni kwamba hata idadi ya walioandikwa kuwa wamezaliwa wafu, wale ambao miili yao bado ilikuwa mizima, ilishuka kwa asilimia 24. Tafakari maana yake. Barakoa haimfufui maiti. Tafsiri iliyo karibu zaidi na akili ni kwamba baadhi ya waliokuwa wakiandikwa wafu walikuwa hai, wamelegea, hawajapata pumzi ya kwanza, wakafunikwa kitambaa na kupelekwa pembeni, na mama zao wakaambiwa Mungu hakupenda.

Nikifika hapo huwa nanyamaza kidogo hata darasani.

Kuna historia nyingine inayonisumbua zaidi. Mwaka 1892 daktari mmoja wa Göttingen, Ujerumani, Friedrich Maass, alichapisha habari za mvulana wa miaka tisa ambaye moyo wake ulisimama kwa dawa ya usingizi ya klorofomu, mezani pa upasuaji wa kaakaa. Maass akaanza kumbonyeza polepole kama walivyofanya wengine wakati ule, haikusaidia. Katika wasiwasi wake akaongeza kasi hata kupita mara 120 kwa dakika, mboni za mtoto zikaanza kusinyaa, na mtoto akarudi. Ikaandikwa, ikasomwa, ikasahauliwa. Hadi mwaka 1960, pale Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker wa Johns Hopkins, mjini Baltimore, walipoutangazia ulimwengu mzima kwamba moyo unaweza kukandwa bila kupasua kifua. Miaka 68 katikati. Miaka yote hiyo kila mtu alikuwa na mikono. Hakukosekana chombo, hakukosekana fedha. Watoto waliotolewa kwenye visima na mito katika miaka ile walizikwa kwa maneno ya subira, na waliowazika walisema kweli kwa kadiri walivyojua.

Je, saa za watoto wale zilikuwa zimefika? Nasema ndiyo, zilifika, na zilifika kwa njia ya kutojua kwetu. Hata ujuzi una wakati wake katika hekima ya Mungu, na Yeye hamtozi mtu asichokijua. Lakini ujuzi ukishakuja, hukumu inabadilika. Mama wa mwaka 1930 aliyemkumbatia mtoto wake na kusema Mungu ametoa na Mungu ametwaa alikuwa ametimiza imani yake yote. Muuguzi wa leo aliyefundishwa, akisimama pembeni na kusema hivyo hivyo mikono ikiwa mfukoni, ametumia maneno ya yule mama kuficha uvivu. Nalisema bila kumung'unya.

Turudi kwenye vidole, kwa sababu imani nayo inaweza kuharibika pale. Ninapofundisha, wauguzi humbonyeza mdoli vizuri sana, sentimita zote zinatimia. Wakiletewa mtoto wa kweli, vidole vinakuwa vyepesi. Ukimuuliza mtu anakwambia naogopa nitamvunja. Inatoka kwenye huruma, tena huruma ya kweli. Ila damu haijui huruma ya aina hiyo. Kifua kikishuka nusu ya kinachotakiwa, ubongo haupati kitu, na mtoto anafariki huku anapapaswa. Mbavu za mtoto ni laini, hupinda na kurudi. Kuvunjika ni nadra. Mwaka 1963 madaktari wawili, Thaler na Stobie, waliandika juu ya njia ya vidole gumba ambayo sasa ndiyo yetu, wakitafuta namna ya kuusukuma moyo wa mtoto mchanga bila kulijeruhi ini lililo chini ya mbavu. Yaani walitafuta nguvu iliyo mahali pake. Kwa miaka mingi tuliruhusu pia vidole viwili vya mkono mmoja kwa mwokoaji aliye peke yake. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2025 umeiacha njia hiyo kwa sababu haifiki kina, na badala yake unaruhusu kitako cha kiganja kimoja. Mimi naona hilo ni somo la dini kabisa. Rehema isiyofika kina haijawa rehema bado.

Na kuna kosa la upande wa pili. Mtu akichoka huanza kumwegemea mtoto. Anabonyeza, lakini haachii. Kifua kinabaki kimekandamizwa nusu na moyo haupati nafasi ya kujaa. Ndiyo maana tunabadilishana kila baada ya dakika mbili, hata kama mtu anasema bado ana nguvu. Mshipa unaoulisha moyo wenyewe hupata damu yake pale mkono unapolegea. Nimelitazama jambo hili mara nyingi, na kila nikilitazama nalikuta lilelile: nusu ya kazi ninaifanya, nusu nyingine inatendeka nikiwa nimeachia. Walimu wangu walinifundisha kutegemea kama kitu kinachokuja baada ya juhudi kwisha. Kwenye kifua cha mtoto viwili hivyo vimefumwa pamoja, kimoja ndani ya kingine, karibu mara mbili kila sekunde.

Mwenzangu mmoja wa zamu, binti wa mchungaji wa Kilutheri kutoka milima ya Usambara, ndiye aliyenisimulia habari ya nabii Elisha na mtoto wa mwanamke Mshunami, iliyomo katika Kitabu cha Pili cha Wafalme. Mtoto aliumwa kichwa shambani, akafia mapajani pa mama yake. Elisha alimtanguliza mtumishi wake, Gehazi, na fimbo yake, aiweke juu ya uso wa mtoto. Fimbo ikawekwa, pasiwe na sauti wala dalili. Ndipo Elisha akaja mwenyewe, akafunga mlango, akaomba, kisha akajilaza juu ya mtoto, kinywa kwa kinywa, macho kwa macho, mikono kwa mikono, mpaka mwili ukapata joto. Akainuka, akatembea chumbani huku na huku, akarudi akajilaza tena. Mtoto akapiga chafya mara saba.

Madaktari hupenda kuitaja habari hiyo wakitafuta mwanzo wa pumzi ya mdomo kwa mdomo. Mwenzangu hakuipenda kwa sababu hiyo. Alichokiona yeye ni fimbo. Nabii alijaribu kutuma kitu chake, na Mungu hakukubali kazi ifanywe kwa kutumwa. Ilibidi mwili uje. Na alichokiona cha pili ni kule kutembea chumbani: hata nabii, baada ya kuomba, alichoka, akanyoosha miguu, akarudia. Mimi si Mkristo na sisomi kitabu kile kama anavyokisoma yeye, lakini tangu siku hiyo, nikiona mtu amemwekea mtoto anayekata roho tasbihi au msalaba kwenye mto wa kulalia na kurudi nyuma, namwambia kwa heshima: dua iendelee, na mikono ije.

Sasa kuacha. Hilo ndilo swali ambalo wauguzi vijana huniuliza wakati tunaosha mikono, kwa sauti ya chini: tulipoacha, je, sisi ndio tuliomuua? Hakuna dakika moja iliyoandikwa kwa kila mtoto. Kwa mchanga aliyezaliwa bila mapigo yoyote, baada ya kufanyiwa yote, miongozo inaruhusu kufikiria kuacha kwenye takriban dakika 20. Kwa mkubwa kidogo inategemea: moyo ulisimama kwa sababu gani, alikaa muda gani bila msaada, mwili ulikuwa na baridi kiasi gani, kuna nini cha kurekebisha. Daktari huuliza kila aliyekuwepo kama ana jambo ambalo halijafanywa. Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu lilipokutana Amman mwaka 1986 lilisema mtu huhesabiwa amekufa moyo na pumzi vinaposimama kabisa na madaktari wakahukumu kwamba havitarudi, au kazi zote za ubongo zinapokoma na wataalamu wakahukumu hivyo hivyo. Kwa maneno mengine, wanazuoni waliirudisha hukumu kwa walio kando ya kitanda. Ninawajibu vijana wangu kwamba hawakumuua. Yule aliyekatazwa mwanzoni kusema saa imefika, kwa sababu hajui, ndiye anayetakiwa mwishoni kukubali kwamba imefika, kwa sababu sasa ameonyeshwa. Anayeendelea kubonyeza maiti kwa kuogopa kukubali, naye anadai kitu kisicho chake.

Na wazazi waachwe walie. Mtume (S.A.W.) alimlilia mwanawe Ibrahim aliyefariki mchanga, na walipomshangaa akawaeleza kwamba machozi yale ni rehema.

Hapo ningeweza kuishia kama kungekuwa na njia mbili tu, kurudi na kutorudi. Iko ya tatu, nayo ndiyo inayonipa taabu kuliko zote. Peter Safar, daktari mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi Marekani, ndiye aliyeunganisha pumzi ya mdomo na kubonyeza kifua vikawa kazi moja inayofundishwa leo duniani. Mwaka 1966 binti yake mwenyewe alipatwa na shambulio la pumu. Moyo na mapafu vilirudishwa. Ubongo haukurudi, na msichana akafariki baada ya siku chache. Tangu hapo Safar alielekeza nguvu zake kwenye huduma za gari la wagonjwa na kwenye kuuokoa ubongo, akisisitiza kwamba moyo unaopiga hautoshi.

Wodini kwetu wako wanaorudi hivyo lakini wanaishi. Moyo unapiga, macho yamefunguka, na mtoto aliyekuwa anakimbilia kuku uani sasa hawezi kushika shingo. Mama mmoja aliniuliza kama nilimtendea wema. Nilimwambia naamini ndiyo, na bado naamini: uhai wa mtoto huyu una heshima ile ile aliyokuwa nayo kabla ya kuzama, na mimi sikupewa mizani ya kupima uhai upi unastahili mkono wangu. Lakini niliposema hayo niliona upungufu wake. Mimi nilibonyeza kwa dakika chache, nikapumzika, nikanywa chai. Yeye anamlisha uji kijiko kwa kijiko, karibu saa nzima kila mlo, anamgeuza usiku asipate vidonda, anamlipia nauli ya kwenda mazoezi ya viungo na bodaboda wengine wanakataa kumpakia.

Mtoto akifariki, mtaa wetu unajua la kufanya. Sanda inapatikana kabla ya adhuhuri, wanaume wanachimba, wanawake wanapika, ubani unakusanywa na jina la kila aliyetoa linaandikwa daftarini. Mtoto akirudi nusu, watu huja siku ya kwanza kusema alhamdulillahi, kisha hawaji tena, kwa aibu au kwa kutojua waseme nini. Imamu wa msikiti wetu na mchungaji wa ng'ambo ya barabara wameniahidi kwamba watanipa nafasi ya kuwaonyesha watu namna ya kubonyeza kifua cha mtoto, na nitakwenda na mdoli wangu. Nimewaomba jambo moja zaidi, kwamba daftari lile lile la ubani liwe na ukurasa wa nepi, wa nauli ya mazoezi, wa fundi seremala wa kutengeneza kiti chenye mikanda, na wa majina ya wanawake watakaopokezana kukaa na mtoto ili mama yake alale mchana. Imamu ameniuliza ukurasa huo ufungwe baada ya muda gani. Nimemwambia usifungwe.